Masuwa ya Lobi

Kisangani, Mangobo, siku ya Alhamisi, mvua imekataa tena

Leki wangu Évariste, mudogo wangu,

Nakusalimia wewe, na muke wako Chantal, na ule mukia murefu wa watoto na wajukuu wanaokufuata pale Yanonge. Uko muzima? Mugongo wako je? Na lile jino lako moja la mbele, lingali linasimama peke yake kama mulinzi wa benki, ao limekwisha kuacha kazi? Mimi niko. Macho inaona nusu, masikio inasikia robo, lakini mudomo ungali unafanya kazi yake yote, na Mungu aliyenipa mudomo huo nazani amekwisha kujuta. Usiku ninalala kidogo. Chakula ninakula kingi, kupita kiasi, na sababu yake nitakuambia mbele kidogo.

Usishangae kupata barua. Najua utasema: René ameshika kalamu, basi iko karibu kufa. Hapana. Telefone tunayo, lakini ni moja tu, na Orpha anaikalia kama kuku juu ya mayai. Nikisema neno, anasikia. Nikinyamaza, anasikia zaidi. Na maneno niliyo nayo hayawezi kupita mbele ya masikio yake. Donc barua hii nampa Mahmoudi, yule wa pikipiki anayevuka Lubunga na kushuka kwenu kununua mafuta ya ngazi, yale mawese. Nimemwambia ndani iko dawa ya nguvu za kiume ya leki yangu, na mutu mwingine akifungua, dawa inamugeukia. Ameishika kwa vidole viwili tu. Itakufikia.

Mwandiko utausamehe. Unajua shule yangu: Père wa misheni alinifukuza katika mwaka wa ine kwa sababu ya kuchora masikio yake ubaoni, na nilikuwa bado na sikio moja la kumaliza. Ukikuta makosa, meza tu kama mwiba mudogo wa samaki.

Bon. Nianze na nyumba, kwa sababu mambo yenyewe iko ndani ya nyumba. Tangu ndoa ya Jeancy hujarudi kuona lupango hii, ua wetu huu, na siku ile ulikuwa umelewa, hukuona kitu. Mbele iko nyumba ya hao wawili, vyumba viwili na mabati. Pembeni iko kachumba kangu. Nyuma iko choo, na katikati ya nyumba na choo iko bustani, ambayo ndiyo serikali, kanisa na mahakama ya lupango hii.

Jeancy wetu unamujua: mutoto wa marehemu dada yetu Adèle, niliyebaki naye mukononi siku tuliyomuzika mama yake. Nimemulisha, nimemuchapa, nimemufundisha kuendesha baiskeli, ile anayofanyia toleka mupaka leo, kubeba watu kutoka hapa mupaka Makiso. Na shukrani yake? Tangu anajifunza kusema alikataa kuniita papa. Noko, siku zote noko. Unakumbuka siku wageni wa Isangi walikuja, nikamuficha pembeni na kumupa mikate ya mafuta ili aniite papa mbele yao, mara moja tu, nionekane mutu? Alikula mikate yote, akajipangusa mudomo, akasema mbele ya wageni wote: Merci, noko. Nilicheka nikakaribia kuanguka kwenye kiti. Mutoto alikuwa na haki. Mimi ni kaka ya mama yake, na jina la mutu ni jina. Kumbuka kisa hiki, leki. Usikitupe. Nitakirudia na hutacheka.

Muke wake Orpha ni mutoto wa watu wa mto, mama yake anakaa kando ya mto Lomami, juu ya Isangi, mahali ambapo rezo ya telefone haijafika na pengine haitafika. Musichana mufupi, mukono mugumu, mudomo mutamu akitaka. Akinipenda ananiita noko kama bwana wake. Akikasirika ananiita Papa René, kwa heshima nyingi, kama polisi anayekuomba vitambulisho. Watoto bado hawana. Niliwaambia: mugombane kwanza, mutazaa kisha.

Na waligombana! Juu ya bustani, leki. Jeancy anataka tomati na pilipili, vitu vya kupeleka sokoni. Orpha anataka majani: lengalenga, ngai-ngai, matembele, vitu vya kutia ndani ya sungu ya kupikia. Basi walichana chandarua ya zamani, wakasokota kamba, wakaipitisha katikati ya bustani kama mupaka wa nchi mbili. Asubuhi nilikuwa natoka kupiga muswaki na kusikia malalamiko ya mataifa. Tomati ya Jeancy imelala upande wa Orpha. Kuku ya Orpha imekula pilipili ya Jeancy na sasa inataga mayai yenye hasira. Mara moja niliona Jeancy akisogeza kamba ile gizani-gizani, kiasi cha muguu mumoja. Asubuhi yake Orpha aliirudisha, miguu miwili. Mimi nilikuwa jaji. Nilihukumu upande wa yule aliyepika. Jioni walikaa kwenye kibaraza kimoja, sahani moja ya lituma ya ndizi katikati, wakicheka vile ninakuwa natafuna kwa upande, na mimi nilisema moyoni: Adèle, angalia, mutoto wako ameoa vizuri kuliko sisi wote.

Sasa sikia neno dogo lililovunja nyumba. Siku moja walikuwa wanakula, na Jeancy akasema matembele ya Orpha iko ngumu kama mukanda wa askari. Orpha akajibu kwamba kosa ni la udongo wa Mangobo; kwamba matembele ya mama yake, ile yenye shina jekundu, unaitia mudomoni na inayeyuka kabla ya kuuliza jina lako. Jeancy akacheka. Na mimi, pumbavu mwenye mvi, nikaongeza chumvi: nikasema kama ingekuwa tamu vile, mama mukwe angeleta majani ile kwenye ndoa, badala ya kuleta wajomba sita na kiu yao. Jeancy alicheka zaidi. Orpha hakucheka. Alisimama, akasema tunamucheka mama yake, akabeba sahani, na kuanzia pale hakusema na bwana wake. Alisema nami tu. Papa René, maji ya kuoga iko tayari. Papa René, mwambie yule mutu mwingine chakula kimeiva.

Mutu mwingine alivumilia, alivumilia, kisha akakata shauri. Akasema mbele ya mulango wa jikoni, kwa sauti kubwa ili asikiwe ndani, kwamba atashuka yeye mwenyewe mupaka Lomami, akamwombe mama mukwe musamaha kwa magoti, na kurudi na mufuko wa shina za matembele nyekundu, na atazipanda upande wake yeye, baada ya kungoa tomati. Kungoa tomati, Évariste! Unajua maana yake kwa Jeancy. Akaomba kitambaa cha kufungia mufuko ili usipotee kati ya mifuko ya watu ndani ya masuwa, mashua hizi zetu za mbao. Mulango ukafunguka kidogo, mukono wa Orpha ukatoka, na ndani ya mukono ilikuwa kipande cha liputa, kile kitenge cha ndoa yao, ile ya bluu yenye ndege. Mukono ukarudi. Mulango ukafungwa. Hakumusindikiza mupaka kwenye beach, pale masuwa zinafunga. Alibaki akifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ni jambo hilo linalomukula sasa. Kwamba hakumusindikiza. Kwamba alitoa mukono tu.

Alikaa kule siku alizokaa. Kisha asubuhi moja, Orpha alikuwa ameenda kuteka maji, telefone ikalia, na mimi ndimi niliyekuwa hapo. Namba isiyojulikana. Sauti ilikuwa ya kiume, mbali, inakatika-katika, kama mutu anayesema ndani ya pipa huku wengine wanapiga pipa lile kwa nje. Ilisema kwa Lingala. Nilishika jina la Jeancy. Nilishika matembele. Na nilishika, wazi kabisa, maneno haya matatu: masuwa ya lobi. Kisha, tu, tu, tu. Nilipiga tena ile namba. Nilipiga mupaka kidole kikachoka. Haikupatikana, na mupaka leo haipatikani.

Orpha aliporudi na ndoo kichwani, nilikuwa nacheza mulangoni kama mutoto. Nikamwambia: bwana wako amepiga, amesema anakuja na masuwa ya kesho, na matembele ya mama yako. Évariste, alisahau kuteremusha ndoo. Alisimama nayo vile, maji inamwagika mabegani, na anacheka. Siku ile alipika na kuimba. Alipuliza hewa ndani ya magurudumu ya baiskeli ili ibebe mufuko kutoka beach. Na tomati za Jeancy alizifunga kwenye vijiti moja moja, ili ajue kwamba hakuna haja ya kungoa.

Habari ya masuwa iliyozama ilifika kabla ya masuwa ya kesho. Ile nyingine, iliyoondoka Isangi siku iliyotangulia simu. Sitakueleza, wewe uliona kwa macho, wewe na mitumbwi yenu mulitoa watu majini, na nilisikia kwamba walikusifu kanisani na kwamba ulilia. Giza, gogo, watu wengi kuliko mbao. Ni hadithi ya kila mwaka. Masuwa hizi haziandiki jina la mutu. Ukipanda wewe ni kilo, na ukizama wewe ni uvumi. Lakini leki, hukujua wakati ule kwamba mutoto wa Adèle alikuwa kwenye njia hiyo. Hatukukuambia safari yake. Nani anamutangazia mutu kwamba ameenda kutafuta majani?

Majirani walikuja mbio kwetu na nyuso za matanga. Orpha aliwapokea na ufagio. Aliwaambia bwana wake hakuwa ndani ya masuwa ile, iko ndani ya ile inayokuja. Kwamba alipiga simu wakati nyingine ilikuwa imekwisha kuzama. Na kwamba mutu aliyezama hapigi simu. Wakanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, ni kweli, alipiga, mimi niliongea naye. Wakatoa sauti za furaha. Wanawake wa kanisa waliimba palepale. Tukaenda beach, Orpha akisukuma baiskeli, mimi nikisukumwa na wao. Masuwa ilifika. Ilipakua mukaa, ikapakua nguruwe, ikapakua makwanga ya muhogo, ikapakua watu wote mupaka yule anayetoa maji kwa kopo. Orpha aliingia ndani kuangalia chini ya mbao. Kisha alitoka, akashika baiskeli, akasema bila shaka mama yake amemubakiza. Mama yake akipata mukwe wa kumulisha hamwachi.

Wakati ule mwezi ulikuwa mudogo. Umekua, umekufa, sasa umezaliwa mwingine.

Orpha halii. Hajavua pete, hajanyoa nywele, hajakaa chini kwa matanga. Analima upande wa Jeancy kuliko upande wake. Kamba ya chandarua iko palepale, hairuhusu hata jani moja kuvuka. Kila siku ya soko anapuliza magurudumu ya baiskeli ambayo hayakutumika. Mulango wa nyumba haufungi na komeo. Na kila jioni anapakua sahani tatu. Ya tatu anaifunika na kuiacha mezani, na asubuhi sahani iko tupu. Ni mimi. Ninaamka, ninatembea kama mwizi, ninakula chakula cha mutoto wangu kwenye giza, ili asubuhi muke wake asikute imelala na kuharibika. Sasa unajua kwa nini ninanenepa. Juzi aliniuliza, akiosha sahani ile, akinipa mugongo, kama chumvi ilitosha. Nikasema sahani gani? Akasema hapana, noko, nimesema tu.

Kila asubuhi tena ananiomba nirudie simu ile. Sauti yake ilikuwaje, noko? Alicheka? Alisema jina langu? Na mimi ninarudia, na kila mara ninaongeza. Leki, simu ile ilikuwa na maneno matano ya kweli; leo ni hotuba. Nimekwisha kumufanya aulize habari ya kuku. Nimemufanya aombe musamaha juu ya mukanda wa askari. Nimemufanya aseme: mwambie Orpha mukono wake niliuona. Neno hilo nililitunga kitandani, na nilipolisema Orpha aliketi chini kwenye udongo, kati ya ngai-ngai, akaweka mukono wake juu ya magoti na kuuangalia.

Sasa nakuambia yale ambayo sikuambia mutu, hata padri, kwa sababu padri angetoa adabu na mimi ninataka musaada.

La kwanza. Unaijua Lingala yetu. Lobi ni jana, na lobi ni kesho. Sisi watu wa mto tunatia siku iliyokufa na siku isiyozaliwa ndani ya kikapu kimoja, na tunasikilizana, kwa sababu iko neno lingine pembeni la kutuonyesha: alikuja lobi, atakuja lobi. Kwenye simu ile neno la pembeni lilikatika. Nilisikia masuwa ya lobi, basi. Kesho nimeitia mimi. Niliitia palepale bila kufikiri, kama mutu anavyotia sukari, kwa sababu siku ile hatukujua habari ya kuzama na jana haikuwa na kazi. Ilipofika habari, nilikwisha kumupa Orpha kesho, na yeye alikwisha kuikalia. Ningemunyanganya namna gani?

La pili. Sauti ile, ilipoanza, kabla ya jina la Jeancy, ilisema: Allô, papa.

Papa, Évariste.

Mutoto aliyekula mikate yangu yote na kukataa. Ulimi wake haukujua kunitamkia neno hilo. Mutu aliyepiga simu alikuwa mutu mwingine, yeyote, mwenye adabu, anayemwita muzee yeyote papa. Nilijua. Si baadaye, nilijua nikiwa bado na telefone sikioni, na nikacheza mulangoni hata hivyo. Nilijiambia: amemutuma rafiki, hana unite ya kupiga. Naweza kujiambia mambo mengi. Nimekuambia mudomo wangu ni muzima.

La tatu iko na majani. Siku chache baada ya masuwa ya nguruwe, nilimwambia Orpha naenda kutafuta lotoko ya kunywa, na aliamini kwa sababu ninaaminika kwa jambo hilo. Nilienda beach ya Makiso, mahali ambapo wapagazi walikuwa wamerundika vitu vilivyookotwa mutoni. Viatu vya upande mumoja. Sufuria. Biblia iliyovimba. Na chini, mufuko wa rafia uliofungwa na kitambaa cha bluu chenye ndege. Nilikaa juu yake kwanza. Kisha nikaufungua. Shina za matembele, nyekundu, zimefungwa vizuri ndani ya majani ya ndizi. Maji hayakuziua. Unajua matembele, haina haya: ndani ya mufuko uliozama ilikuwa imekwisha kutoa mizizi myeupe.

Kitambaa kiko ndani ya godoro yangu. Mufuko nilitupa. Shina sikuweza kutupa. Mutu ameenda kuzitafuta mupaka Lomami kwa magoti yake, nizitupe mimi? Nilizipanda nyuma ya choo, mahali ambapo mutu mwenye akili hapandi chakula na Orpha hana sababu ya kufika. Asubuhi mapema ninachukua kopo langu, wanafikiri ninaenda haja, na ninazimwagia maji. Zimeshika. Zimetambaa. Zina majani mapana, laini, na shina zake ni nyekundu hata mimi na nusu ya macho naziona kutoka mbali. Uongo wangu umeota, leki, na unataka kijiti cha kupandia.

Sasa sikia ya leo, ndiyo imenifanya nichukue kalamu. Asubuhi hii nilienda na kopo langu. Mvua hakuna, nimekuambia juu kabisa ya barua. Na nilikuta udongo umelowa. Umelowa vizuri, kwenye mizizi, si kumwaga-mwaga kama ninavyofanya mimi. Kuku walikuwa wamezuiliwa na vijiti vya mianzi, na vijiti vimefungwa na vipande vya chandarua, kwa fundo lile la Orpha, la kuzungusha mara mbili na kukaza, kama anayemufunga mutoto mugongoni. Majani makavu yalikuwa yameondolewa. Na vijiti vingine havikuwa vya leo, Évariste. Vingine vilikwisha kugeuka rangi.

Maji ya kopo langu niliimwaga chooni.

Niliporudi, alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliniambia nimechelewa chooni, kwamba nipunguze kula chakula kinachobaki. Nilitaka kusema. Mudomo huu, uliotukana machifu watatu, uliomba tu maji ya kunywa. Na yeye, bila kuacha kutwanga, akaniuliza kama Jeancy amepiga simu usiku. Nikasema bado. Akatwanga mara nyingine, akasema: Lobi, basi, noko.

Sikumuuliza lobi gani.

Tangu pale nafikiri hivi: yeye ananitunza mimi. Sahani ya tatu ananipakulia mimi. Anadhani nikisikia kwamba amekwisha kujua, muzee atalala kitandani na hataamka. Na mimi nadhani nikimwambia, yeye atalala chini na hataamka. Tunadanganyana kwa heshima, asubuhi mupaka jioni, katika nyumba moja, na mutoto wetu hana hata matanga. Hakuna aliyemulilia, leki. Mutoto wa Adèle! Hata mbuzi ya jirani ilipokufa watu walipiga kelele. Na kama iko muzima, amelala na homa ndani ya nyumba ya mama mukwe na hana njia ya kutuambia, basi tunamuzika kidogo kidogo kila asubuhi na kopo la maji. Jambo moja ao lingine. Katikati hapa pametuchosha. Nguvu yangu imekwisha, nakuambia bila muchezo, na unajua ni mara ngapi nimekuambia kitu bila muchezo.

Donc nisikilize. Chukua mutumbwi wako, ushuke Isangi, uingie Lomami, mupaka kwa mama wa Orpha. Jina lake Joëlle. Uliza mama mwenye matembele nyekundu, watakuonyesha. Usimutishe. Muulize jambo moja: mukwe wake alitoka kwake siku gani, na mufuko ule alibeba yeye mwenyewe, ao alimupa mutu wa masuwa atangulie nao na yeye akabaki nyuma? Watu wanafanya vile, wanatanguliza muzigo. Ukisikia alibaki, mutafute pale alipobaki. Na njiani, waulize wale waliowaosha hao muliowazika kwenu bila majina. Muguu wa kushoto, kidole kikubwa hakina kucha. Muyororo wa baiskeli uliikula siku nilipokuwa ninamufundisha. Alilia sana, akasema: noko, umeniua. Nikamwambia mutu hafi kwa kucha.

Kisha nitumie jibu kwa Mahmoudi. Neno moja linatosha, lakini nakuomba, leki, kwa kaburi ya dada yetu, usiandike kwa Lingala. Usiniandikie lobi. Andika kwa Kiswahili cha Père, kile tulichochapiwa fimbo. Andika jana, ao andika kesho. Ukiandika kesho, nitacheza tena mulangoni, na safari hii kwa haki. Ukiandika jana, nitatoa kitambaa cha bluu ndani ya godoro, nitaenda kwa Orpha mbele ya choo, nitamwambia aache kazi ya kunilinda, na tutakaa chini wote wawili na kulia vile inavyofaa. Kisha tutachuma matembele ile na kuipika. Orpha alisema inayeyuka mudomoni. Jeancy hakuamini.

Musalimie Chantal, umwambie bado ninakumbuka samaki yake, na kwamba nikikuja tena sitasema chochote juu ya upikaji wa mutu. Wasalimie watoto wako wote, wale unaowajua majina na wale umesahau. Orpha angewasalimu pia, lakini hajui kama ninaandika, nafikiri hajui. Ninamusikia nje sasa hivi. Anapuliza gurudumu la baiskeli.

Ukaze jino lako. Safari njema majini, na uangalie magogo.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mukubwa,

René, noko ya Jeancy